Jina Lililonyonya

Siku ya sita mtoto alikuwa bado hanyonyi, na majina yalikuwa yanaelekea kwisha.

"Changawa," aliita Agneta, amepiga magoti kando ya kitanda. "Ni wewe, Changawa? Kama ni wewe nyonya, baba, tukujue."

Mtoto aligeuza uso akalia. Jumwa akamrudisha kifuani, akamgusisha chuchu mdomoni. Akaitema kama mtu aliyepakwa shubiri.

"Si yeye," alisema Agneta.

Changawa alikuwa marehemu mumewe, baba wa Ngumbao aliyemwoa Jumwa, na kwa haki zote jina la mjukuu wa kwanza wa kiume lilikuwa lake. Leo alikuwa ameitwa kwa mara ya tano na haji. Agneta alikuwa amekasirika naye waziwazi. Hata alipokuwa hai, mzee huyo alikuwa na tabia ya kutoka bila kuaga, na wakati anapotafutwa ndipo asipopatikana. Agneta akaendelea na wengine: ndugu za Changawa, baba zao, mjomba aliyekufa kwa kuanguka mnazini, babu mmoja aliyekuwa kiziwi ambaye ilibidi aitwe kwa sauti ya juu. Hakuna aliyeitika.

Agneta alikuwa mama wa kanisa, Jumapili haimpiti. Lakini mtoto akizaliwa na kukataa ziwa, watu wa kwao wanajua kuna mzee anayetaka jina, nao humwitia majina moja moja mpaka anyonye. Jina atakalonyonya nalo ndilo lake. Mchungaji hakuulizwa, kwa hiyo hakukataza.

Zahanati walikuwa wamekwenda mara mbili. Muuguzi alimtazama mtoto kinywani, akampima, akamgeuza huku na huku, kisha akasema mbele ya wanawake wote waliojaa kwenye benchi, "Mtoto hana ugonjwa. Mama, wewe ndiye hujui kumshika." Wengine kwenye benchi lile walikuwa wasichana wa juzi, na kila mmoja ana wake ametulia kifuani. Jumwa, mwenye miaka thelathini na mmoja, alifunga leso akatoka akitazama chini. Maziwa aliyoyakamua akamnywesha kwa kijiko yalirudi karibu yote. Sasa utosi wa mtoto ulikuwa umebonyea, na ukiweka kidole unazama.

Alasiri ile Agneta alitoka kuanua nguo. Ngumbao alikuwa Changamwe, kwenye yadi ya makontena anakofanya kibarua. Jumwa alibaki peke yake na mtoto katika chumba chao cha mtaa wa Junda, bati likitoa joto, mtoto akilia kwa sauti iliyokwisha kukauka.

Lilikuwapo jina moja ambalo halikuwa la ukoo wa Ngumbao wala la kwao Jumwa. Tangu siku ya pili lilikuwa limemkaa kooni. Alikuwa amelimeza na kulimeza tena. Sasa alitazama ule utosi, akainamisha kichwa, akalitaja kwa mnong'ono.

"Munga."

Mtoto alinyamaza. Alifumbua macho, akamtazama Jumwa sawasawa, kisha akalishika ziwa na kunyonya kwa nguvu hata Jumwa akatoa sauti ya maumivu.

"Umemwita nani?"

Agneta alikuwa amesimama mlangoni, nguo amezitupia begani.

"Sikuita, mama."

"Nimesikia umeita. Usifiche, mwanangu, jina limekubali! Nani?"

"Munga," alisema Jumwa.

"Munga ndiye nani?"

"Babu yangu. Mzaa mama."

"Mbona siku zote hizi hukusema?"

"Nilisahau, mama."

Agneta alipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia, na nguo safi zikaanguka zote sakafuni. Babu yake Jumwa mzaa mama aliitwa Thoya. Hakuna aliyemtaja siku ile.


Munga alikuwa mwanamume ambaye Jumwa aliishi naye miaka mitatu kwenye chumba kimoja Mikindani, kabla ya Ngumbao. Ngumbao alijua tu kwamba kulikuwa na mtu. Hakuuliza jina, naye Jumwa hakumwambia. Mwaka mmoja na nusu uliopita, Munga alichukuliwa na wakala wa ajira aende ng'ambo kufanya kazi ya ghala. Walipofika huko, yeye na wenzake walivuliwa nguo zao, wakavikwa sare, wakapewa bunduki na kusukumwa mbele kwenye vita vya Wazungu, katika baridi ambayo kwao hakuna hata neno lake.

Kutoka huko ndiko alikoanza kumtumia Jumwa ujumbe wa sauti. Jumwa akifunga nambari hii, yeye hutokea kwa nyingine. Mwanzoni aliomba msamaha. Kisha akawa anauliza amelala na nani, kama vile wangali Mikindani. Ujumbe wa mwisho ulikuja Jumwa akiwa na mimba ya miezi minane. Nyuma ya sauti yake kulisikika mishindo, na yeye alikuwa akisema polepole kama mtu anayetoa maelekezo ya njia.

"Nikifa huku sendi kwetu Mjambere, Jumwa. Naja kwako. Utanizaa. Utaninyonyesha na utaniogesha. Na safari hii hutaweza kunitoroka."

Jumwa aliufuta ujumbe ule palepale. Lakini masikio hayana kitufe cha kufutia.

Sasa jina lilikuwa limeingia nyumbani na kila mtu alikuwa akilichezea. Munga ameamka? Munga ameoga? Hebu nipe nimbebe Munga. Majirani wakapita kumwona, wakamwita, wakacheka. Ngumbao mwenyewe, mtu mpole asiye na maneno mengi, akirudi kazini huanza kwa kunawa mikono, kisha huinama kitandani na kusema, "Munga, hujambo, bwana mdogo?" Jumwa hugeukia ukutani asionekane uso.

Bila jina mtoto hanyonyi. Jumwa alijaribu kumwita baba, kumwita mpenzi, kumwita bila jina. Mtoto alifumba mdomo na kumtazama. Hakuwa akilia tena. Alingoja tu. Na Jumwa akiona ule utosi unaanza kubonyea upya, husalimu amri, akalitaja, na mtoto akalishika ziwa na kumkamata kifundo cha mkono kwa vidole vyake vidogo, pale pale kwenye mfupa uliovunjika Mikindani ukaunga vibaya.

Adhuhuri moja akiwa anamvisha, alisikia mbinja dirishani, ile ya mikato miwili yenye mkia mrefu ambayo Munga alikuwa akiipiga kutoka barabarani ili Jumwa atoke amfungulie. Alichungulia. Palikuwa na kamba ya nguo na kuku wa jirani. Alipogeuka, mtoto, ambaye shingo yake ilikuwa bado haijakaza, alikuwa ameinua kichwa kuelekea dirishani.

"Mama," alimwita Agneta siku nyingine, akimpa mtoto. "Hebu mnuse kinywa. Husikii harufu?"

Agneta alinusa. "Harufu ya maziwa. Kwani wewe wasikia nini?"

"Sigara," alisema Jumwa. Munga wa Mikindani hakuwa akitoa sigara mdomoni.

"Nani avute sigara kwenye nyumba hii?" Agneta alimtazama kwa huruma ambayo ilimuumiza Jumwa kuliko matusi. "Uzazi umekuchosha. Lala kidogo, mwanangu, mimi nitakaa na Munga."

Jumwa alimwogopa mwanawe. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake, na hapakuwa na mtu wa kumwambia. Ukimwambia mavyaa wako kwamba unamwogopa mjukuu wake, utaelezaje lililobaki? Alikaa kati ya watu wanaompenda, wamemzunguka kwa uji na maji ya moto, akawa peke yake zaidi kuliko alivyokuwa Mikindani.


Caroline alibisha hodi Jumamosi mchana, Ngumbao akiwa nyumbani. Alikuwa msichana mwembamba aliyefunga kitambaa cheusi, na macho yake yalikuwa yamevimba. Jumwa alimtambua kabla hajaketi. Alikuwa dadake Munga.

"Nimetumwa na mama," Caroline alimwambia. "Kaka hayuko tena. Amekufa huko vitani alikopelekwa mwaka na nusu uliopita."

Jumwa alisema pole.

"Hatukuletewa mwili. Hatukupewa hata kidole. Mwenzake mmoja ndiye aliyepiga simu, akasema alimwona akianguka, tarehe tatu mwezi huu. Kesho tunazika nguo zake. Mama anasema wewe ndiye uliyeishi naye, uje tu ukae kwenye mkeka."

Ngumbao alimtazama mkewe. Sasa yule mtu wa kabla yake alikuwa amepata dada na tarehe ya kufa. Huenda yangeishia hapo. Ngumbao hakuwa mtu wa kugombana na marehemu. Lakini uani Agneta alikuwa akimwogesha mtoto, na sauti yake ikaingia kwa furaha yote.

"Munga! Munga wangu, funga macho, sabuni hiyo!"

Caroline alisimama. "Anamwita nani?"

Agneta akaingia na mtoto kwenye taulo. "Karibu, mwanangu. Huyu ndiye Munga wetu. Alikataa kunyonya mpaka tukampa jina la babu yake Jumwa."

"Babu gani?" aliuliza Caroline. "Amezaliwa lini?"

"Tarehe tatu," alisema Agneta, na papo hapo akaona kwenye nyuso za watu kwamba amesema jambo.

Caroline alipiga magoti, akamshika mtoto miguu yenye maji. "Kaka," alisema. "Haki ya Mungu, kaka amerudi." Akaanza kulia, na mtoto akamtazama bila kupepesa.

Agneta alimgeukia Jumwa. "Ulisema ni babu yako."

"Nilisema uongo, mama. Ni kaka yake huyu, niliyeishi naye kabla ya Ngumbao."

"Umempa mwana wa mwanangu jina la bwana wako!"

Caroline alipokwisha kwenda, Ngumbao alikaa kwenye kizingiti muda mrefu akichokoa udongo wa viatu vyake vya kazi. Agneta alikuwa amejifungia chumbani kwake, wimbo wa kanisa ukisikika mlangoni kwa hasira.

"Hesabu naijua," Ngumbao alisema mwishowe. "Mwaka na nusu hayupo hapa. Mtoto ni wangu, na atakayesema vingine nitapambana naye. Lakini mimi nitamwitaje? Kila nikitoka kazini nimwite huyo?"

"Bila jina hilo hanyonyi. Umemwona mwenyewe."

"Nimemwona."

"Mimi silitaki. Wallahi silitaki, Ngumbao."

"Basi kwa nini ulilitaja?"

"Alikuwa anakufa."

Jumwa alitamani mumewe amuulize swali moja tu, kwamba mtu yule alikuwa mtu gani. Angemwambia yote pale mlangoni. Lakini Ngumbao aliuliza jingine.

"Utakwenda matangani?"

"Nitakwenda. Nitakwenda kumrudisha Munga kwao."

"Mimi siwezi kukaa kwenye mkeka wa huyo. Utanisamehe. Nenda na mtoto, lakini ukirudi hapa, mwanangu awe na jina ambalo naweza kulitamka."


Mjambere kaburi lilikuwa limechimbwa nyuma ya nyumba. Ndani yake wanaume walikuwa wamelaza, badala ya mwili, gogo la mgomba lililokatwa kwa urefu wa Munga, limevikwa suruali na shati lake, kisha likazungushiwa sanda. Wanawake walikaa kwenye mikeka. Jumwa alipoingia na mtoto mgongoni walisogeza miguu kumpisha, na nyuma yake akasikia, "Ndiye huyo. Na ndiye mtoto."

Mamake Munga aliitwa Dama. Alikuwa bibi mfupi mwenye mikono mikubwa ya mtu aliyeponda kokoto miaka mingi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nipe nimwone."

Jumwa alimpa. Dama alimweka mtoto mapajani, akamwinamia, akaita kwa sauti ambayo haikutaka mtu mwingine aisikie. "Munga." Mtoto akafumbua macho.

"Ndiyo macho yake," alisema Dama, na machozi yakamdondokea mtoto kifuani. "Sikiliza, Jumwa. Sitaki mtoto. Mtoto ni wako na mumeo. Niachie jina tu. Nimeletewa habari kwa simu, nazika mgomba. Niachie jina, niwe na kitu cha kuita."

Jumwa alimwonea huruma. Neno ndiyo lilifika ulimini. Angelisema, angemfurahisha bibi huyu, na mtoto angenyonya mpaka akue. Naye kila alfajiri mpaka mwisho wa uhai wake angeamka kumwita Munga aje kwake.

"Mama," alisema, "nilipata mimba ya Munga."

Dama aliinua uso. "Lini?"

"Tukiwa Mikindani. Ilifika miezi saba."

"Mbona sisi hatukuambiwa?"

"Alinipiga teke. Nilitumwa dukani nikachelewa, akataka nimwambie nilikuwa nacheka na nani. Nikazaa palepale sakafuni. Mtoto hakulia. Munga akamzungushia gazeti, akatoka naye. Mpaka leo sijui alimpeleka wapi."

Caroline alisema, "Muongo huyu! Anamsingizia maiti!"

"Mamangu mzazi nilimwambia," Jumwa aliendelea, kwa sababu sasa hakuweza kuacha. "Akaniambia ninyamaze, nitakosa mume. Nikanyamaza. Munga mwenyewe aliniambia akifa atakuja kwangu nimzae. Na amekuja, mama, kwenye tumbo lile lile. Mimi namwogopa. Wewe ndiye uliyemzaa. Mkataze."

"Mwanangu hakuwa hivyo," alisema Dama.

Jumwa hakubishana. Alikunja mkono wa blauzi, akaonyesha kifundo. Dama aliutazama ule mfupa. Aliugusa kwa kidole, akaufuata ulivyopinda, kama mtu anayeijua njia yake, kisha akauachilia.

"Babake alikuwa hivyo," alisema.

Alinyanyuka na mtoto mikononi, akaenda mpaka ukingoni mwa kaburi. Wanaume wakaacha kuegemea sepetu zao.

"Munga!" aliita, na safari hii alitaka kila mtu asikie. "Munga, mimi mamako nakuita. Toka kwa mtoto wa watu. Umesikia? Toka! Hapo chini ndipo pako. Nguo zako zimo, nimezifua mwenyewe. Lala. Na kama una njaa huko uliko usiende kwa Jumwa, nijie mimi, mimi ndiye mwenye deni la kukulisha. Jumwa hana."

"Mama, usimfukuze!" alilia Caroline. "Ndilo jina pekee lililobaki!"

Mtoto alipiga ukelele ambao Jumwa hakuwa amewahi kuusikia kwake, mkali, wa mtu anayechunwa ngozi. Dama alimrudishia. Jumwa aliketi kwenye mkeka, akatoa ziwa mbele ya macho yote yale. Mtoto akalikataa. Akambadilishia la pili, akalikataa. Mwanamke mmoja alinong'ona, "Mwite tu, dada, utamuua," na Jumwa akatikisa kichwa. Kama mtoto atakufa leo, atakufa kwa ukaidi wake yeye, na hakuna atakayemsamehe, si Junda wala Mjambere.

Dama alikuja akachuchumaa mbele yake.

"Yule wa kwanza," aliuliza, "alikuwa mume au mke?"

"Mwanamke, mama."

"Alikuwa na jina?"

"Hakupewa. Asiyelia hapewi."

"Nani kasema hapewi? Binti wa kwanza wa mwanangu jina lake linajulikana hata kabla mimba haijatungwa."

Aliivua leso yake ya mabegani, akaikunja, akaikunja tena, akaifunga pembe mpaka ikawa furushi dogo la kubebeka kwa mkono mmoja. Akarudi kaburini. Mwanamume mmoja alimpa mkono, akashuka, akaliweka furushi lile kando ya mgomba, si karibu sana nao, na akaligeuza uso upande wa pili. Alipopandishwa, aliokota konzi ya udongo.

"Dama," aliita.

Wanawake walishtuka. Mtu hajiiti kaburini akiwa hai. Caroline alimshika mkono mamake, naye akauondoa.

"Dama binti Munga. Mimi bibi yako nimechelewa, sikupewa habari. Leo tumekuzika." Akautupa udongo. Kisha akamgeukia Jumwa. "Lia sasa. Mkeka huu ni wako pia."

Jumwa hakujua kwamba alikuwa bado nayo yale machozi. Yalitoka na sauti aliyoizuia miaka yote, akalia kwa mdomo wazi mbele ya watu asiowajua, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Mwanamke mnene aliyekaa karibu alimshika bega. Wengine walianza kulia naye, kwa utaratibu, jinsi matanga yanavyotaka, nusu kwa ajili ya Munga na nusu kwa ajili ya furushi la leso. Maziwa yalimtoka yenyewe yakalowesha blauzi yote, yakamtiririkia mtoto shavuni na mdomoni.

Mtoto alikwama katikati ya kilio. Akayaonja. Akatafuta huku na huku macho yakiwa yamefumbwa, pua ikigongagonga, akakosea mara mbili kama wanavyokosea watoto wachanga wote, kisha akalipata ziwa.

Wanaume walikuwa wanafukia. Mwanamke mnene aliinama akamtazama. "Maskini, ana njaa. Na huyu naye anaitwa nani?" aliuliza, na Dama akamfinya paja anyamaze. Mtoto alinyonya upande wa kulia ukaisha, akataka wa kushoto, na hapakuwa na mtu aliyemwita jina lolote.